RAW au JPEG? Maswali ambayo wapiga picha wanauliza kila siku

Haya maswali yanajirudia kila mahali wapiga picha wanapokutana, kwenye magrupu ya WhatsApp, nyuma ya ukumbi wakati MC anachelewesha ratiba, kwa hiyo nimeyakusanya sehemu moja. Yanaanzia kwa mtu aliyenunua kamera jana mpaka visa vya ajabu ajabu, na pale jibu linapofanana na lingine nitakurudisha huko badala ya kurudia. Msimamo wangu nautoa mapema: mi huwa naangalia nani atakaa na hiyo picha baada ya kupigwa, na inatakiwa lini. Hayo ya ipi kali yanafuata baadae.

## Mwanzo mwanzo

RAW ni nini hasa, na JPEG ni nini?

Ukibonyeza shata, sensa ya kamera inapima mwanga tu, basi. Kila pikseli imefunikwa na kichujio cha rangi moja, nyekundu au kijani au bluu, kamera nyingi zinatumia mpangilio aliobuni Bryce Bayer wa Kodak (patenti yake ilitoka 1976), kijani nusu nzima, nyekundu na bluu zinagawana nusu iliyobaki. RAW ni vile vipimo vyenyewe vimehifadhiwa kwenye faili pamoja na maelezo ya kamera. Yani bado haijawa picha, inabidi programu ikae chini ikisie zile rangi mbili zinazokosekana kwenye kila pikseli ndo picha itokee.

JPEG ni pale kamera inapoimaliza hiyo kazi yenyewe humo humo ndani kwa sekunde kidogo: inajaza rangi, inaweka waiti balansi (kusawazisha rangi kulingana na aina ya mwanga), inaongeza kontrasti, inapunguza chenga, inanoa kingo, alafu inabana faili na kutupa kila ilichoona jicho halitakikosa. Kiwango cha JPEG ni cha 1992 na ndo maana kinafunguka popote, mpaka kwenye kompyuta ya stesheneri ya mtaani. RAW kila kampuni ina ya kwake: Canon wana CR2 na CR3, Nikon NEF, Sony ARW, Fujifilm RAF, na kuna DNG ambayo Adobe waliitoa 2004 wakitaka iwe ya wote.

Kwa hiyo RAW ina ubora mkubwa kuliko JPEG?

Ina taarifa nyingi zaidi. Kama hutazigusa hizo taarifa, umebeba mzigo wa bure. Mtu anapiga RAW, anaifungua, hasogezi hata slaida moja, anatoa JPEG anapost, huyo angepiga JPEG tangu mwanzo na pengine ingetoka nzuri zaidi, kwasababu kamera imefundishwa rangi na watu waliokaa miaka na hiyo kazi. JPEG za Fujifilm kwa mfano kuna watu wananunua kamera kwa ajili yake tu.

RAW inakulipa siku mwanga ulipokugomea, au siku unapotaka rangi ambazo kamera haikuzifikiria.

Mbona picha yangu ya RAW imepauka kwenye kompyuta wakati kwenye kioo cha kamera ilikuwa inawaka?

Hili ndo swali namba moja kwa wanaoanza, na wengi wanakata tamaa hapa hapa. Ile picha unayoiona kwenye kioo cha kamera ni JPEG ndogo ambayo kamera imeitengeneza na kuificha ndani ya faili la RAW. Ina kontrasti na rangi za mtindo uliouchagua kwenye menyu (Canon wanaita Picture Style, Nikon Picture Control). Ukifungua kwenye programu ya kuediti kama Lightroom au darktable, mara ya kwanza unaiona kwa sekunde moja ikiwa inawaka, alafu ghafla inapauka, ni programu imeweka tafsiri yake juu ya ile ya kamera.

Hujaharibu kitu. Kwenye Lightroom nenda sehemu ya profaili uchague zile za Camera, Camera Standard au nyingine inayofanana na uliyopigia, itarudi karibu na ulivyoiona. Au tumia programu ya kampuni iliyotengeneza kamera yako, hiyo inasoma mipangilio yake yenyewe bila shida.

Hizo biti 8, 12, 14 zinanihusu nini?

JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, sawa na ngazi 256 kutoka nyeusi mpaka nyeupe. RAW ya biti 12 ina ngazi 4,096, ya biti 14 ina 16,384. Nikon D3500 inatoa biti 12, Canon EOS 2000D inatoa 14, na kwa macho ya kawaida kwenye picha iliyopigwa vizuri hutaona tofauti ya hizo mbili, usije ukauza kamera kwasababu ya hilo.

Ila kuna jambo hapa ambalo linaeleza mengi ya huko mbele. RAW inahesabu mwanga kama ulivyo, mwanga ukiongezeka mara mbili namba inaongezeka mara mbili. Wapiga picha wanahesabu mwanga kwa stopu, kila stopu ni mwanga mara mbili ya iliyo chini yake. Kwa hiyo stopu moja ya juu kabisa, sehemu zinazong'aa, inachukua nusu nzima ya ngazi zote, 8,192 kati ya zile 16,384. Stopu inayofuata inapata 4,096, nyingine 2,048, mpaka ukifika kwenye nywele na suti nyeusi zimebaki ngazi chache tu. Ndo maana ukiinua giza kwa nguvu chenga zinajaa, na ndo maana wanaojua wanapiga RAW ikiwa na mwanga mwingi kidogo bila kuunguza alafu wanashusha baadae. Kwenye JPEG usifanye hivyo, piga kama unavyotaka itoke.

Kwenye menyu kuna Fine, Normal, Basic, Canon nao wana vialama vya robo duara. Nichague ipi?

Kama umeamua JPEG, chukua Fine saizi kubwa, mjadala umeisha. Nikon Fine inabana kama 1:4, Normal 1:8, Basic 1:16. Kwa Canon robo duara laini ndo nzuri, ile yenye ngazi ngazi imebanwa zaidi.

JPEG inaigawa picha kwenye vimraba vya pikseli 8 kwa 8 na kubana kila kimoja peke yake, kwa hiyo ukibana sana vile vimraba vinaanza kuonekana, hasa angani na kwenye kuta zenye rangi moja. Kadi siku hizi zina nafasi, hakuna sababu ya kupiga Basic labda unapiga picha za risiti.

## Mwanga na rangi

Bwana harusi mweusi tii, shela jeupe pe, jua la saa saba mchana. RAW au JPEG?

RAW, bila kufikiria mara mbili. Hii ndo kazi inayoitendea haki RAW kuliko nyingine zote huku kwetu.

Angalia bega la bibi harusi, pale lesi inapokutana na mkono. Ukipima mwanga kwa uso wa bwana harusi, lesi inaungua, JPEG inaandika 255 kwenye rangi zote tatu na yale maua yaliyoshonwa hayapo tena. Ukishusha mwanga kwenye kompyuta unapata bega la kijivu lisilo na ua hata moja. Kwenye RAW ya picha hiyo hiyo mara nyingi kuna kama stopu moja ya akiba juu ya pale JPEG ilipokata, unavuta slaida ya Highlights chini na maua yanarudi, uzi kwa uzi.

Ukipima kwa shela nako, uso unaingia gizani. JPEG ya kamera nyingi inabana sana sehemu za giza ili picha iwe na kontrasti, ukiinua uso unatoka na mabaka na rangi ya udongo. RAW inainuka vizuri, macho yanaonekana, mwanga wa paji la uso unabaki wa asili. Mi hapa huwa nalinda shela na kuinua ngozi baadae, wengine wanafanya kinyume, lakini wote tunapiga RAW.

Kitu kimoja cha kuangalia, histogramu ya kamera (ile grafu ya mwanga) na yale mawimbi ya kumetameta yanayokuonya picha imeungua vinatoka kwenye ile JPEG ndogo niliyoitaja kwenye swali la picha kupauka. Kwa hiyo kamera inaweza kupiga kelele shela limeungua wakati RAW bado inalo. Weka Picture Style iwe Neutral upate onyo lililo karibu na ukweli.

Ni kweli kwenye RAW waiti balansi naweza kubadilisha baadae bila hasara?

Kweli kabisa. Kwenye RAW waiti balansi ni maelezo tu yameandikwa pembeni, vipimo vya sensa havijaguswa. Umepiga kanisani kwenye taa za njano ukiwa umesahau mpangilio wa jua, unasogeza kutoka 5500 kwenda 3200 (Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga) imeisha.

Kwenye JPEG rangi zimeshapikwa. Kosa dogo unarekebisha, kosa kubwa unaona: ukiondoa njano nyingi, ngozi inakuwa ya kijivu na kuta zinageuka bluu, hata upambane vipi.

Taa za zambarau za ukumbini je? RAW itazifuta?

Hapa watu wanategemea muujiza. Taa za LED za jukwaani za bluu na zambarau zinatoa mwanga wa upande mmoja wa rangi, kijani haipo kabisa au ipo kiduchu. Kama kijani haikufika usoni kwa mtu haikufika pia kwenye sensa, na RAW haiwezi kukuletea kitu ambacho hakikupimwa.

Inachosaidia ni hiki: bluu ikizidi JPEG inaunguza ile chaneli moja mapema, uso unakuwa bonge la bluu lisilo na pua wala shavu. RAW inabakiza umbo la uso, unaweza kupunguza makali ya bluu, ukasogeza kidogo kuelekea nyekundu, au ukaamua hiyo picha iwe nyeusi na nyeupe na mteja akaipenda kuliko zote. Dawa yenyewe ni flashi yako imguse mtu usoni, au mwombe fundi wa taa aweke nyeupe wakati wa kukata keki na kulishana. Wengi wanakubali ukiwaomba mapema kabla muziki haujaanza, ukimfuata katikati ya shughuli hakusikii.

Nimepiga giza sana. RAW itaniokoa?

Stopu moja au mbili, ndio, kwa kamera za miaka ya karibuni hata tatu ukikubali chenga. Zaidi ya hapo unaanza kuona mistari na madoa ya zambarau kwenye giza. Sababu ni ile hesabu ya ngazi kwenye swali la biti. Picha iliyoungua kabisa haina mlango wa kutokea kwenye faili lolote, kwa hiyo ukishindwa kuamua, bora giza kidogo kuliko kuungua.

Kitu gani RAW haiwezi kurekebisha?

Fokasi iliyokosea, mkono uliotikisika, mtu aliyefumba macho, kasi ya shata, uwazi wa lenzi. ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) nayo umeshaamua, ingawa mwangaza unasogezeka. Nimeona watu wanaambiwa "piga tu RAW, utaediti", matokeo yake wanapiga ovyo. Lenzi chafu inabaki chafu.

## Kadi, nafasi na kasi

Faili moja la RAW linakula MB ngapi?

Hesabu iko rahisi. Kamera ya megapikseli 24 kwa biti 14: milioni 24 mara 14, gawanya kwa 8, unapata MB 42 kama haijabanwa. Ikibanwa bila hasara inashuka, mara nyingi inacheza kwenye 25 mpaka 30. JPEG Fine ya kamera hiyo hiyo ni kama MB 8 mpaka 12 kutegemea na picha, majani mengi na nywele vinakula zaidi, ukuta mtupu unakula kidogo.

Kwa kadi ya GB 64 hiyo ni kama picha 2,000 za RAW au 6,000 za JPEG. Harusi moja kuanzia saluni mpaka ukumbini inaweza kuimaliza kadi ya RAW. Alafu usisahau upande wa pili, hizo GB zinatakiwa kukaa kwenye hadi diski, na bekapu ya hiyo hadi diski. Kama bei ya diski ya pili haimo kwenye bei unayomtajia mteja, RAW inakula faida yako taratibu bila wewe kujua.

Nikipiga mfululizo kamera inagoma katikati. Ni kadi mbovu?

Inaweza, ila kwanza elewa kinachotokea. Picha zinaingia kwenye bafa, kumbukumbu ndogo ya ndani, zikisubiri kuandikwa kwenye kadi. RAW inaijaza bafa haraka, kamera za bei ya chini zinafika mwisho baada ya picha chache tu, JPEG inaenda mbali sana. Uko pembeni ya mto Mara nyumbu wanavuka, ukapiga RAW mfululizo tangu wa kwanza aliporuka, mamba akitokea kamera yako iko bize kuandika na taa nyekundu inawaka.

Kuna njia tatu. Piga vipande vifupi vifupi badala ya kushikilia kidole. Au hamia JPEG kwa tukio hilo, wapiga picha wengi wa mpira wanafanya hivyo na hawaoni aibu. Au badilisha kadi: alama ya V30 maana yake angalau MB 30 kwa sekunde wakati wa kuandika, Class 10 ni MB 10 tu. Ile namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kadi mara nyingi ni kasi ya kusoma, usidanganyike nayo. Na kadi feki ziko nyingi, ukinunua mpya ipime kwanza kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux kabla hujaipeleka kwenye harusi ya mtu.

Kamera inaniuliza RAW isiyobanwa, iliyobanwa bila hasara, au iliyobanwa na hasara. Tofauti?

Chagua iliyobanwa bila hasara ukiiona, imetosha. Faili linapungua, Nikon wanasema kati ya asilimia 20 na 40, na ukilifungua kila kitu kipo vile vile. Isiyobanwa inakula nafasi bila kukupa kitu cha ziada.

Ya hasara, kama C-RAW ya Canon, inatupa kidogo lakini ni kidogo kweli, utaitafuta kwenye giza lililoinuliwa sana. Kwa harusi na mahafali ya kawaida mi naona inafaa kabisa.

Nipige zote mbili, RAW+JPEG?

Inafaa kwenye hali tatu: mteja anataka picha kadhaa hapo hapo, unapigia chombo cha habari (soma swali la magazeti), au ndo unajifunza RAW na unataka kuwa na JPEG ya kamera ya kulinganisha. Kamera ikiwa na sehemu mbili za kadi weka RAW huku na JPEG kule, ikitokea moja imekufa unabaki na kitu mkononi.

Kama hujawahi kuzifungua hizo JPEG kwa miezi kadhaa, zima. Unajaza kadi na bafa bure.

## Kompyuta na simu

Laptopu yangu haifungui RAW, inaonyesha alama tupu.

Windows 10 na kuendelea, ingia Microsoft Store utafute Raw Image Extension, ya bure, utaanza kuona picha kwenye folda. Mac nyingi zinasoma zenyewe. Hii ni ya kuangalia tu, kuediti ni swali linalofuata.

Sina hela ya kulipia Lightroom kila mwezi. Nifanyeje?

Usiibe, njia za halali ziko na zinatosha. Canon wanatoa Digital Photo Professional bure, Nikon wana NX Studio, Sony wana Imaging Edge Desktop, zote zinaelewa rangi za kamera zake kuliko programu nyingine. Ukitaka ya kamera zote kuna darktable na RawTherapee, bure kabisa, Windows, Mac na Linux. darktable wiki ya kwanza itakuchosha kwa wingi wa moduli, anza na tatu nne tu, eksposha, waiti balansi, filmic au sigmoid (za kupanga mwanga na giza), na ya kukata.

Ila kama laptopu ina RAM ya GB 4 na inapumua kwa shida, kila picha utasubiri. Hapo ni halali kabisa kusema JPEG kwanza mpaka mashine ibadilike, RAW 800 kwenye mashine ya hivyo ni adhabu.

Nimenunua kamera mpya, Lightroom yangu ya zamani haizitambui faili zake.

Kila kamera mpya inahitaji programu ijue faili lake. Adobe wana DNG Converter ya bure, inageuza faili za kamera mpya kuwa DNG ambazo programu ya zamani inazisoma. Usifute za mwanzo mpaka uhakikishe.

Nataka kurusha picha kwenye simu kwa waifai ya kamera. RAW inapita?

Kamera nyingi zinarusha JPEG tu, au zinarusha RAW polepole mpaka betri inakusikitikia. Hapa RAW+JPEG inaleta maana. Baadhi ya kamera pia zinaweza kuitengeneza RAW kuwa JPEG humo humo ndani, tafuta kwenye menyu ya kuangalia picha, unarekebisha mwanga na rangi kidogo alafu unairusha.

Simu yangu ina RAW. Ni kitu kile kile?

Inategemea. Android zilianza kuruhusu RAW ya DNG tangu toleo la 5.0, mwaka 2014, na nyingi ni fremu moja kutoka sensa ndogo, ukiifungua unashangaa chenga zilizojaa, kwasababu JPEG ya simu ni fremu nyingi zimeunganishwa na kusafishwa. Kwa hiyo usiku JPEG ya simu mara nyingi inaishinda RAW yake. ProRAW ya iPhone, iliyoanza na iPhone 12 Pro mwishoni mwa 2020, ni tofauti, imeshaunganishwa na kusafishwa kabla ya kuhifadhiwa, ila moja ya megapikseli 12 ni kama MB 25 na ya 48 ni kama 75. Snapseed inafungua DNG bure kama unataka kujaribu.

Na HEIC je?

Iko katikati. Inabana vizuri kuliko JPEG na inaweza kubeba biti 10, iPhone zinaitumia tangu iOS 11 mwaka 2017 na kamera kadhaa mpya zinayo. Shida ni kwamba ukiipeleka kwenye kompyuta ya stesheneri au kuipakia kwenye fomu ya mtandaoni inaweza kukataliwa. Kwenye iPhone ingia Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible, utapiga JPEG.

## Wateja, magazeti na fomu

Mteja anasema "nitumie raw zote". Nimpe?

Muulize kwanza anamaanisha nini. Tisa kati ya kumi wanamaanisha picha zote ambazo hujaediti, ukimpa NEF 1,500 kesho atakupigia simu hazifunguki. Mpe JPEG za picha zilizochaguliwa na kurekebishwa kidogo, anafurahi.

Kama ni kampuni ya matangazo ina mtu wake wa kuediti, hapo wanataka RAW kweli na bei yake iwe nyingine, iandikwe kwenye mkataba kabla hujabeba kamera. Enzi za filamu studio zilibaki na negativu na mteja akapewa picha zilizosafishwa, sioni kwa nini leo iwe tofauti. Kuna wanaoona ni roho mbaya, sawa, ila jina litakaloandikwa chini ya picha iliyoeditiwa vibaya ni la kwako.

Napigia magazeti. Wanataka ipi?

JPEG mara nyingi, kwasababu ya haraka na uaminifu. Mwezi Novemba 2015 shirika la habari la Reuters waliwaandikia wapiga picha wa kujitegemea wasitume tena picha zilizotengenezwa kutoka RAW, watume zilizopigwa JPEG tangu kwenye kamera zikiwa na marekebisho kidogo, kukata na viwango vya mwanga. Kupiga RAW pembeni hawakukataza. Kila chombo kina utaratibu wake, muulize mhariri wa picha.

Mashindano nayo?

Hapa kibao kinageuka. World Press Photo na mashindano makubwa ya wanyamapori wanaomba faili la mwanzo, RAW au JPEG kama ilivyotoka kwenye kamera, walinganishe na uliyoituma. Mwaka 2015 World Press Photo waliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho kwasababu ya kuediti kupita kiasi. Kwa hiyo kama unapiga simba Serengeti ukiota tuzo, tunza RAW na usizipe majina mapya ovyo.

Picha za paspoti na fomu za mtandaoni?

JPEG, kamera kwenye studio yenye mwanga ule ule kila siku haina sababu ya RAW. Bahati nasibu ya green card ya Marekani kwa mfano imekuwa ikitaka JPEG ya mraba, angalau pikseli 600 kwa 600, isiyozidi KB 240, bila kuruhusu kubadilisha sura kwa kompyuta.

Nikituma kwa WhatsApp si ubora unapotea vile vile?

Ukituma kama picha inabanwa, hata ingekuwa imetoka kwenye kamera ya milioni kumi. Tuma kama dokumenti, inafika ilivyo. Lakini hata ikibanwa, shela lililookolewa linabaki limeokolewa.

## Visa vya pembeni

Ni kweli JPEG inaharibika kila ukiifungua?

Hapana. Inapungua ukiifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi tena juu yake, na ukirudia mara nyingi inaonekana. Kufungua, kukopi na kuhamisha havifanyi kitu. RAW yenyewe haiguswi, programu inaandika maelekezo pembeni, mara nyingi kwenye kifaili cha .xmp, ukihama kompyuta kihamishe nacho.

Nimepiga nyeusi na nyeupe kwenye RAW, kompyuta inaniletea rangi!

Ile nyeusi na nyeupe ilikuwa kwenye ile JPEG ndogo ya ndani tu. Rangi zote zipo, na ni bahati, unaweza kuamua upya anga iwe nyeusi kiasi gani. Hata sRGB na Adobe RGB (chaguo za upana wa rangi) kwenye menyu ziko hivyo hivyo, zinagusa JPEG tu.

Kupunguza chenga kwenye menyu, kunaathiri RAW?

Ile ya ISO kubwa haigusi RAW. Ile ya eksposha ndefu inagusa, baada ya kupiga sekunde 30 kamera inapiga fremu nyingine ya giza kwa muda ule ule na kuitoa kwenye picha, ndo maana unasubiri. Ukipiga nyota mfululizo izime.

Kadi imefomatiwa kwa bahati mbaya, RAW zinarudi?

Mara nyingi, kama hujapiga kitu kipya. Itoe kadi kwenye kamera sasa hivi. PhotoRec ni ya bure na inatambua CR2, NEF, ARW na JPEG. Elekeza irudishe kwenye diski nyingine, sio kwenye kadi ile ile. Majina ya faili yatapotea, tarehe ya kupigwa inabaki ndani ya picha.

Nimebadilisha mwisho wa jina kutoka .NEF kwenda .jpg, mbona haifunguki?

Kwasababu ndani bado ni NEF, jina limebadilika tu. Programu chache zitakuonyesha ile picha ndogo ya ndani na utadhani umefaulu, mpaka uiprinti. Rudisha jina la mwanzo, faili ni zima, alafu lifungue kwenye programu ya RAW utoe JPEG ya kweli.